Kanga Aliyoichagua Naznin

Naznin binti Baqir alikuwa na wasomaji arubaini na mmoja, na aliijua idadi yao kama mama mwenye nyumba anavyojua vikombe vyake vya kabatini. Kwa miaka mitatu alikuwa akiandika blogu aliyoiita Joho la Wiki. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alijifungia chumbani kwao Malindi, Unguja, akatazama sehemu mpya ya tamthilia ya mashujaa wanaoruka angani, kisha akaandika nani kamsaliti nani na nani kaokolewa kwa kudra tu, na mwisho akaweka mchoro wake. Kipenzi chake katika tamthilia hiyo alikuwa mwanamke mmoja mrefu, mwenye hasira za karibu. Naznin alimpa jina la Bi Kimondo, kwa sababu jina lake hasa lilikuwa la kumpindisha mtu ulimi.

Wachoraji wengine hupenda kuchora uso, wengine misuli. Naznin alipenda joho. Alichora upepo ulivyoingia chini yake, ulivyolijaza, na mikunjo ilivyoteremka kutoka begani. Alikuwa mwaka wa pili wa masomo ya sanaa kule chuoni Tunguu, na darasani hakuna aliyethubutu kubishana naye katika mikunjo. Wala si ajabu, kwani amekulia ndani ya nguo. Baba yake, Bwana Baqir, ana duka la kanga Mchangani, hatua chache kutoka Darajani, na Naznin kabla hajajua kusoma kitabu alikuwa ameshajua kusoma majina ya kanga, yale maneno yanayoandikwa juu ya pindo.

Katika wasomaji wale arubaini na mmoja, mwaminifu kuliko wote alikuwa mtu aliyejiita Abrahman. Hakujulikana anakaa wapi wala anafanya kazi gani. Chini ya kila mchoro, kwa miaka mitatu, aliandika neno moja tu: "Safi." Naznin alijifanya hajali, lakini Ijumaa ambayo Abrahman alichelewa, chai ya jioni haikumshuka.

Halafu akaja Bashira.

Bashira alikuwa Mtumbatu wa Mkokotoni, mpole, mwenye mikono mikubwa, na hapa mjini alikaa kwa mama yake mdogo. Siku ya kwanza darasani alikaa karibu na Naznin kwa sababu kiti kile ndicho kilichokuwa wazi, na toka hapo wakawa mashoga. Ni Naznin mwenyewe aliyemwonjesha tamthilia. Walikaa chini ya ngazi za chuo na kompyuta magotini, Bashira akatazama sehemu tatu mfululizo bila kusema kitu. Mwisho akauliza, "Mbona nguo yake haina jina?"

"Hilo joho, Bashira. Joho haliandikwi."

"Sasa anawaambia nini walio nyuma yake?"

Naznin alicheka mpaka akashika ubavu. Bashira naye akacheka kidogo, kwa adabu, lakini swali lile halikumtoka.

Wiki ya pili yake akaja na mchoro. Mwanamke wa shamba, kibonge, anaruka juu ya minazi na kanga imefungwa shingoni. Uso ulikuwa na kitu fulani, hilo Naznin alilikubali moyoni. Lakini kanga yenyewe ilikaa kama ubao wa mlango, hakuna mkunjo hata mmoja. Naznin akauweka mchoro ule kwenye blogu yake, akaandika juu yake "Mgeni wetu wa wiki hii." Aliwaambia watu kwamba anamtia moyo mwenzake. Ukweli ni kwamba alitaka wasomaji wake waone tofauti, wacheke kidogo, kisha Ijumaa inayofuata warudi kwenye mikunjo ya mwenyewe na washukuru.

Kufikia Jumapili maoni yalikuwa mia tatu na kumi na mbili. Watu wa Mombasa, watu wa Pemba, watu walio Maskati wanaolilia kwao. Mmoja aliandika kwamba shujaa yule ni bibi yake mtupu. Mwingine akauliza kama mwenye blogu hawezi kumwachia Bashira kila wiki. Na Abrahman, yule wa neno moja, aliandika mistari kumi na moja. Naznin aliihesabu, akairudia kuihesabu akidhani amekosea.

Hapo ndipo wivu ulipomkamata, na tusizungukezunguke kutafuta jina jingine. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na Naznin aliushiriki asubuhi na jioni. Bashira akimsalimia, alisikia majivuno. Bashira akinyamaza, aliona kiburi. Mbaya zaidi, Bashira alianza kuja na karatasi zake kumwuliza, "Hebu nionyeshe, shoga, huu mkunjo unauanzia wapi?" Naznin akawa anamwonyesha nusu, nusu anaibana.

Wakati huohuo Mwalimu Jecha aliyewafundisha uchoraji akaleta habari. Skuli moja ya Malindi ilitaka ukuta wake wa nje uchorwe, ukuta mrefu unaotazama njia, na ingechaguliwa kazi ya mwanafunzi mmoja tu. Kila mtu alisema ataleta mchoro, lakini hakuna aliyeutaka ukuta ule kama Naznin. Dirisha la chumba chake linatazamana nao. Tangu mtoto alikuwa akiuona asubuhi anapofungua dirisha, umebanduka chokaa, na tangu alipoanza kushika penseli alikuwa ameshauchora kichwani mara mia. Alimwambia Bashira jambo hilo zamani, walipokuwa bado wanaambiana mambo.

Siku chache baadaye Bashira akatokea dukani kwa Bwana Baqir.

"Shikamoo, Bwana Baqir."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Naznin yumo ndani anapanga."

Bashira alitaka kanga ya kuitundika chumbani aichore, maana alisema kichwani haimjii. Naznin akamwambia asubiri, atampa yeye, iwe zawadi. Akapanda kwenye ngazi ya duka. Rafu zile zilijaa maneno ya kila aina, ya mahaba, ya dua, ya shukrani kwa mama, na mkono wake ukayapita yote hayo bila kusita. Ukasimama kwenye doti moja, jozi ya kanga nyekundu zenye mji wa buluu katikati. Pembeni mwa pindo iliandikwa: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Aliiteremsha akaiweka kaunta, jina likitazama juu. Kwa watu wa hapa kijembe cha namna ile ni kama kumtamkia mtu usoni. Umekuja kwangu hujui kitu, nimekuonyesha, sasa unataka kupanda kwa nyota yangu. Bashira akaisoma. Macho yake yalikaa pale juu ya pindo muda kidogo.

"Ahsante, shoga," akasema. "Nzuri sana." Akaikunja vizuri, akaitia mkobani, akaaga.

Bwana Baqir aliyaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake. Bashira alipoondoka, baba akasema, "Umeisoma ile, mama?"

"Nimeisoma, Baba."

"Hapa kaunta tunaisoma sote. Huko nje anaisoma aliye nyuma."

Naznin aliona baba yake anaanza hadithi zake za biashara, akarudi kupanga. Moyo ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Ijumaa ile akaandika kwenye blogu habari za shujaa msaidizi ambaye eti amevaa joho la mwenziwe na watu wajinga wanampigia makofi. Katika tamthilia jambo lenyewe lilichukua dakika mbili, yeye akaliandikia kurasa tatu. Abrahman akaandika: "Safi."

Siku ya kuleta michoro, Naznin alitundika yake kwanza. Bi Kimondo akiruka juu ya paa za Mji Mkongwe, joho limejaa upepo, mikunjo thelathini na miwili, kila mmoja una kivuli chake. Darasa likaguna kwa kuridhika. Kisha Bashira akatundika yake.

Alikuwa mwanamke yuleyule kibonge, safari hii amechorwa kwa nyuma. Uso hauonekani, anakwenda zake juu, na kanga nyekundu imemfunika mgongo mzima. Bashira bado hakujua kuchora mikunjo. Alichofanya ni kuyapinda maneno. Herufi zilikwenda juu na chini kama zinavyokwenda nguo ikipigwa upepo. Katikati ya neno "nyota" herufi mbili zilikuwa zimezama ndani ya mpindo usiochorwa, na jicho lenyewe likautengeneza mpindo ule. Naznin alitazama akitafuta kosa. Alitafuta kwa bidii, Mungu anamwona, na hakulipata. Wivu wa kumwonea asiyejua una raha yake, huu wa sasa haukuwa na raha hata chembe.

"Nilikuwa naiga majoho ya Naznin na kuchana, kuiga na kuchana," Bashira aliwaambia wenziwe. "Yeye ndiye aliyenipa kanga hii. Nilipoisoma nikaacha kuiga."

Darasa zima likamgeukia Naznin na kupiga makofi. Mwalimu Jecha akasema huo ndio moyo wa msanii, kumwambia mwenzako ashike njia yake. Naznin akatabasamu, na tabasamu lile lilimwuma mashavu mpaka alipofika nyumbani. Mchoro wa Bashira ukachaguliwa.

Kazi ya ukuta ilichukua wiki mbili. Naznin alifunga dirisha kwa joto lote la mwezi ule, kisha akawa analifungua kidogo kuchungulia, kisha analifunga. Aliona miguu ikianza, halafu kanga, halafu U, halafu S. Wasomaji wa blogu nao walikuwa wamepata habari, kwani Bashira alisimulia kila mahali ile kanga imetoka wapi. Wakaongezeka kutoka wale arubaini na mmoja wa mwanzo hadi elfu mbili na zaidi, wote wanamsifu mwenye blogu kwa roho yake nzuri. Alikuwa amemwomba Mungu wasomaji wale miaka mitatu, sasa wamekuja na hakuweza kusoma maoni yao mpaka mwisho.

Asubuhi ya uzinduzi Bashira akaja kwao. Shangazi yake Naznin, Bi Sultana, alimfungulia mlango na kumpandisha juu. Bashira alikuwa amejitanda ile kanga nyekundu, upande mmoja, na upande wa pili wa doti ulikuwa mkononi, umeshapindwa na kupigwa pasi.

"Nimekuletea chako," akasema walipobaki wawili. Kisha akauliza kwa upole, kama anayeuliza njia, "Hili jina ulilichagua wewe, au lilikuwa juu juu tu mkono ukaangukia?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, Bashira ameufungua mwenyewe. Naznin angeweza kusema mkono uliangukia, na mambo yangekwisha. Alitazama dirishani, ukuta ule pale, umejaa.

"Nililichagua mimi."

"Nlijua. Kwetu kanga husomwa kabla haijashukuriwa." Bashira akaketi ukingoni mwa kitanda. "Siku ile nlikwenda Mkokotoni, nikalia njia nzima. Usiku nikasema nitairudisha. Asubuhi nikaivaa kwenda kisimani, na mamangu akawa nyuma yangu, akaisoma kwa sauti, akaniuliza mimi nnamsema nani. Ndipo nikaona kuwa ikishakaa mgongoni kwangu hainisemi tena."

Naznin akaketi karibu naye.

"Tena ulisema kweli. Nlikuwa nasafiria nyota yako. Nlikuwa naiga mpaka naota mikunjo. Neno lilikuwa la kweli, nia ndiyo ilikuwa mbaya." Akauweka upande ule wa kanga magotini mwa Naznin. "Basi neno nimelichukua. Nia nakurudishia."

Alilisema bila hasira, na hilo ndilo lililomkata Naznin. Hasira angejua kuijibu. Alitaka kulia, alitaka kuomba radhi, na katikati ya yote hayo, kwa aibu yake, bado alikuwa anaona wivu. Aliona wivu kwa maneno yale, kwamba hata ya kusema Bashira anayo mazuri kuliko yake.

"Utaivaa?" Bashira akauliza.

Kanga ilikuwa imetoka dukani kwao, imechaguliwa kwa mkono wake, na kila mtu aliyekuwa chini njiani anamsubiri alijua kwamba ni yake. Naznin akasimama, akajitanda, akayashusha maneno mgongoni.

Wakateremka ngazi na kutoka njiani, Bashira mbele. Kwa hatua zote zile za kuelekea ukutani Naznin aliyasoma maneno yaliyokuwa mbele yake, yanapanda na kushuka kwa mwendo wa mwenziwe, herufi zinajificha na kutokea vilevile kama Bashira alivyozichora. Nyuma yake alikuja Bi Sultana na miwani yake, mwanamke asiyeacha kanga ipite bila kuisoma.

"Usisafirie nyota ya mwenzio," Bi Sultana akasoma kwa sauti. "Haya, mwanangu. Unamsema nani leo?"

"Mtu mmoja tu, Shangazi," Naznin akasema, na hakugeuka.