Picha ya Fisi Iliyokwenda Nyarugusu

Nimekusanya vitabu vya hadithi za wanyama tangu nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, na si kila kitabu nakitaka. Nataka matoleo ya zamani, yale yenye picha za rangi kwenye karatasi nene inayong'aa. Yaliyokuja baadaye yana michoro ya wino tu, fisi na mbuzi huwezi kuwatofautisha. Watu wa Tinde walinicheka: mwalimu mzima anahangaikia hadithi za sungura! Nilicheka nao, kisha nikaendelea kutafuta.

Adui yangu alikuwa mmoja tu, mtu anayechana. Muuza ugoro wa gulioni alinijua vizuri. Akiniona anaficha karatasi zake chini ya mkeka, maana niliwahi kumpokonya kitabu cha kobe kabla hajaanza kukichana, nikamwachia magazeti ya mwezi mzima afungie ugoro wake. Kitabu kile sijakiona kwa mtu mwingine hadi leo.

Hata hivyo nilichokipenda zaidi kilikuwa cha sungura na fisi, ambacho marehemu baba alikileta kutoka kazini, kwenye almasi kule Songwa, nikiwa sijaanza shule. Kilikosa picha moja, ya fisi anayechungulia kisima. Kaka yangu aliichana asubuhi aliyoondoka kwenda kuchimba dhahabu Nyarugusu. Wachimbaji wanazipenda karatasi za namna ile kwa kufungia vumbi la dhahabu. Kwenye karatasi ya daftari chembe hunasa, kwenye inayong'aa huteleza zote. Siku ile nililia sana. Nilipokua niliacha kulia, nikaapa kuirudisha.

Likizo moja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipanda basi, kisha lori la mahindi, nikaenda. Nilibeba vitabu viwili, cha baba na kile cha kobe. Cha kobe nilikibeba makusudi, kaka aone kitabu kisichochanwa kinavyopendeza, aone na haya.

Nilimkuta kando ya shimo lake, tope jekundu hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mwalimu. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimefuata picha yangu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatoa kopo, ndani ya kopo kitambaa, ndani ya kitambaa fisi wangu, amekunjwa mara nane. Mikunjo ilikuwa imechakaa, lakini rangi bado ipo. Nilinyoosha mkono niichukue.

"Siwezi kukupa hivi hivi," alisema. "Miaka yote hii haijanimwagia hata chembe. Niletee nyingine kama hii, uchukue."

"Nitakutumia."

"Ukiileta utaichukua."

Nilimwambia sitoki pale bila ile picha, na nilimaanisha. Nilikaa juu ya kifusi toka asubuhi mpaka jua la utosi. Yeye akaendelea kuchekecha mchanga wake. Mara moja tu alikitazama kitabu cha kobe kilichokuwa mapajani mwangu, akarudi kwenye kazi yake. Hakuniomba. Hilo nataka lieleweke: kaka hakuniomba.

Nilikifungua katikati. Kobe alikuwa amepanda kichuguu, kijani kibichi kama majani ya masika. Nilikunja ukurasa kwenye mshono, nikapitisha ukucha, nikavuta polepole, kama mtu aliyezoea. Ulitoka wote bila kuchanika pembeni.

"Mkuki kwa nguruwe, mwalimu," alisema kaka, lakini hakucheka. Aliifuta picha ya fisi kwa kiganja, akanipa.

Nilimrudisha fisi mahali pake kwa gundi ya unga wa muhogo. Kitabu cha baba kimetimia, na kila nikikifungua nafurahi, siwezi kudanganya. Wageni wanaokuja kuona vitabu vyangu hufika kwenye cha kobe, wakaliona lile pengo, wakauliza ni nani huyo asiye na huruma. Miaka yote nimewajibu kwamba ni wachimbaji.