Kahawa Iliyofunikwa Juani

Wengi huogopa ndege kwa sababu hawazijui. Tumpale alizijua vizuri, ndiyo maana aliziogopa zaidi. Injini ilimzimikia juu ya milima ya Ileje, akatua kwenye shamba la mahindi, akashuka mzima, na hakurusha ndege tena. Miaka iliyofuata alikuwa wakala wa forodha Tunduma, akigombana na madereva wa malori, kazi isiyoua mtu ila kwa presha.

Asubuhi ya jaribio la kurudishiwa leseni ya urubani, alikagua injini mara tatu kabla ya kuiwasha. Kapteni Aliko, mkaguzi, aliketi kando yake akitafuna karanga, maana woga haukuwa wake.

"Ukigeuza bila sababu, tumemaliza," alisema.

Walipokaribia Hasamba, kijiji cha kwao, Tumpale alichungulia chini kutafuta vichanja ambako mama yake, Enesi, huanika kahawa. Zamani mama alimwambia, "Ukiona nimefunika, mvua inakuja. Usipite, mwanangu."

Vilikuwa vimefunikwa. Na vya jirani, na vya kilima kizima. Pale Hasamba, mmoja akifunika kahawa, wote hukimbilia nailoni, hakuna anayesubiri kuuliza.

Moyo wake ulifurahi, aibu iliyoje. Sababu ya kugeuza ilikuwa hiyo hapo.

"Kapteni, wamefunika. Mvua inakuja."

Aliko akatazama mbele, akatazama juu. "Iko wapi?"

Hakukuwa na wingu hadi upande wa Malawi. Ndipo Tumpale alipoelewa. Mama, aliyejua siku ya jaribio, ndiye aliyeanza. Amefunika kahawa kwenye jua kali, ifukute, ioze, ili mwanawe arudi. Aliichukia ile nailoni kwa jinsi alivyotamani kuitii.

"Unageuza?"

"Hapana."

Akaenda hadi milima ileile ya Ileje, jasho likimtiririka mgongoni, akiisikiliza injini kama mtu asikilizavyo pumzi za mtoto mgonjwa.

Walipopita tena Hasamba wakirudi, majirani walikuwa wameshafunua. Vichanja vya Enesi pekee vilikuwa bado vyeupe kwa nailoni.

Alipotua, alimpigia mama simu.

"Shikamoo mama. Kahawa itaoza."

"Marahaba. Imeshaanza kunuka. Nisingeweza kufunua kabla sijakusikia unarudi. Leseni wamekupa?"

"Wamenipa. Kesho naruka tena."

"Haya," mama alisema. "Kesho nitafunika kichanja kimoja tu."