Miputu Niliyoing'oa Jana

Wenzangu, nichekeni polepole. Huku Annexe, pembezoni mwa jiji, tulipanda miputu, miti ya pori letu, kwenye mteremko ambao kila mvua inaondoka na udongo wake. Mimi nikapewa kazi ya kuitunza. Kiangazi kilipofika ikakauka, ikabaki vijiti. Jana, kwa kuogopa wageni wa leo wanaokuja kuikagua, niliing'oa nikachomeka matawi mabichi.

Asubuhi Mama Kabedi, kiongozi wetu, alivuta mti mmoja awaonyeshe wageni ulivyoshika udongo. Ukachomoka kama kijiko kwenye bukari, ugali wetu. Mimi nyuma yake na ndoo, namwagilia mwingine.

Kando, kijiti kimoja nilichokisahau kilikuwa kimetoa majani mekundu.

"Papa, muputu inalalaka tu ku kiangazi," akasema Mama Kabedi akikionyesha. "Weye unazikaka bantu benye kulala?"