Kibao cha Mninga

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza, mdogo wangu wa kike alimleta nyumbani kumtambulisha kama mchumba wake. Kabla hajakaa, alitoa rula mfukoni mwa shati, akaisimamisha kwenye mguu wa meza niliyoiunda mwenyewe.

"Shemeji, mguu huu umepungua nusu sentimita."

Walipoondoka nikapima. Kweli, nusu sentimita. Tangu hapo nilimwamini kuliko macho yangu.

Mtaani walimwita Rula. Alikuwa amechora ramani katika ofisi ya ardhi miaka ishirini. Mimi ni seremala, niliishia darasa la saba, na mbele ya watu ulimi wangu hujificha. Baba alituachia viwanja viwili vilivyopakana: changu kina nyumba na karakana, cha mdogo wangu, aliyekuwa ameshaolewa na Rula, kilikuwa kitupu.

Kisha ikaja barua ya ofisi: kiwanja chako ni cha makazi, ndani ya siku tisini badilisha matumizi yake, la sivyo funga karakana. Rula alitandaza ramani juu ya meza yangu ya kurandia.

"Hapa pote njano, watu walale. Nyekundu ndiyo biashara. Na wewe umeranda mbao kwenye njano miaka kumi na tano, shemeji! Huoni haya kuwaamsha waliolala?"

Tukacheka. Akanieleza: unapeleka ombi, unaweka tangazo kiwanjani siku thelathini, jirani anaandika kama ana pingamizi, kisha kikao kinaamua.

"Niachie mimi. Wewe nitengenezee kibao tu."

Nikakitengeneza kwa mninga, nikakipiga msasa mpaka kikateleza. Akakisimamisha mpakani, katikati ya viwanja viwili, akabandika tangazo. Penye mwombaji niliona jina lake. Nikadhani ndivyo wanavyoandika wanaokufuatilia mambo ofisini. Kuuliza nikaona aibu. Mtu anakuhangaikia bure, umhoji kama polisi? Akaniletea karatasi, akaweka rula chini ya mstari.

"Hapa, shemeji."

Nikatia sahihi.

Siku ya themanini na tano, kimya kimezidi, nikaenda ofisini. Mama wa dirishani akafungua faili.

"Baba, ombi lako halipo."

"Sahihi yangu si hiyo hapo?"

"Ndiyo yako. Umekubali kiwanja cha pili kiwe cha biashara. Kimeshapitishwa."

Chini ya sahihi yangu, pale rula ilipokuwa imelala, palikuwa na neno moja: JIRANI.

Karakana ikafungwa. Upande wa pili likasimama duka la Rula, la makochi ya kiwandani. Mdogo wangu hukaa mlangoni. Nikipita, anajifanya anafuta kioo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa mfukoni mwa shati.

Nikaandika ombi langu mwenyewe, polepole, kwa mkono wangu. Kibao kile kile nikakihamishia kwangu. Siku thelathini zikaisha, likabaki neno la jirani mmoja. Nikampelekea karatasi dukani kwake. Hakunikaribisha kiti, na vilikuwa vimejaa humo. Alisoma mstari kwa mstari kwa rula yake, akaandika kwamba ana pingamizi, akanirudishia.

"Vumbi lako litanichafulia makochi, jirani."