Mtende Uliopimwa Qurayyat

Mwaka wangu wa tatu katika ofisi ya ardhi hapa Maskati, nilikuwa nimeshaandika ombi la kuhamia idara nyingine. Kazi yangu ilikuwa kuandaa barua ambazo wengine walizitia sahihi. Hakuna aliyenidharau, hakuna tu aliyejua kwamba nipo.

Ndipo likaja faili la mjane mmoja wa Qurayyat. Barabara ilikuwa ikipanuliwa, na ramani mpya ililiacha jiko lake nje ya kiwanja. Asipothibitisha mpaka, lingevunjwa. Hati yake ya zamani, kama hati nyingi za kule, ilitaja mitende badala ya vipimo: kiwanja kinaishia kwenye mtende wa jirani wa tende aina ya khalas. Wapimaji walikuta mtende, wakapima kutoka hapo.

Mkuu wa kitengo chetu, mama wa makamo aliyezaliwa Unguja, aliniambia nikaone kwa macho yangu. Nikaenda. Mtende waliopimia ulikuwa na tende nyeusi, na tende za khalas ni za rangi ya asali. Nilipomuuliza mjane, akanipeleka nyuma ya banda la kuku la jirani na kunionesha kisiki. Khalas ilikufa zamani, akasema, na wale wapimaji hawakumuuliza kitu.

Nikaandika ripoti usiku kucha? Hapana, kwa saa moja tu, mkono ukikimbia.

Mkurugenzi, naye mtoto wa watu wa Zanzibar, alipoisoma alianza kumsifu mkuu wetu mbele ya kitengo kizima. Mama akamkatiza.

"Usinisifu mimi. Mimi nna miaka thelathini humu na ningepima mtende ule ule. Kazi ya binti huyu. Muulize yeye."

Akaniuliza. Nikaeleza habari ya tende nyeusi na kisiki.

"Basi kesho utakwenda na wapimaji," akasema mkurugenzi. "Na uvae viatu vya maana, bibie, si hivyo vya harusini."

Wote wakacheka, nami pia. Ombi la uhamisho sikulipeleka tena.

Kesho yake, kwenye kisiki, mpimaji mkuu, mtu wa umri wa baba yangu, alishika ncha ya utepe akaningoja niseme aanzie wapi. Nikamwonesha. Mstari ulipita hatua mbili nzima nje ya ukuta wa jiko. Mjane aliingia jikoni, akawasha moto, akatupikia kahawa.