Mkono Uliokaza Misuko

Mwaka 2015, nikiwa na miaka tisa, kanisani kwetu Malvern, mtaa wa wahamiaji kule kusini mwa Afrika, waliniita mtoto wa ajabu. Ajabu yenyewe ilikuwa mama. Alikuwa msusi pale Jules Street, na kila Jumamosi alinisuka nikiwa nimekaa chini kati ya magoti yake, gitaa mapajani. Kila alipokaza msuko, nilihamisha vidole kwenye nyuzi. Mapigo ya muziki nilijifunzia kichwani, tena kwa machozi, maana mama alikuwa anavuta kweli kweli.

Mtayarishaji mmoja Mkenya, mpenzi wa kupindukia wa muziki wa kantri, alinisikia akanipeleka studio yake Midrand. Akanivisha vipokea sauti vyenye mlio wa kuhesabu mapigo. Nikapotea kabisa. Nilianza, nikakosea, nikaanza tena, mpaka nikalia. Mama akavuta kiti nyuma yangu, akafumua msuko mmoja, akaanza kuusuka upya.

"Imba, mama," aliniambia, kwa kuwa kwetu Kongo hata binti huitwa mama. "Miye niko hapa."

Niliimba wimbo wote bila kukosea.

Wimbo ulipendwa redioni. Nikavalishwa kofia pana, buti, na wigi la nywele zilizonyooka ambalo mama alilichukia kama mke mwenza. Jukwaani hakuweza kukaa nyuma yangu, kwa hiyo alinisuka nyuma ya pazia hadi nilipoitwa. Nilipanda kichwa kikiuma chini ya wigi, na kwa maumivu hayo niliyashika mapigo. Watu walishangilia nywele zisizo zangu.

Mwaka 2019 mama aliugua ini, akafa upesi. Sikulia. Kwenye matanga, akina mama wa kanisa waliniomba niimbe. Nilishika gitaa, vidole vikakataa. Wote walinisubiri, nami niliona aibu, nikaona na hasira kwamba mama tu ndiye hakuwepo kunisaidia.

Shoga yake mama, msusi mwenzake kutoka Burundi, akaja kukaa nyuma yangu. Akashika nywele zangu.

"Imba, mwanangu," akasema, akaanza kusuka.

Nikaimba, nikaumaliza wimbo. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wa haraka, wa huruma. Nilisubiri kuumia, sikuumia hata mara moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama amekufa, nikalia mbele ya watu wote.