Kibuyu cha Merveille

Ezéchiel, fundi wa mbao, hakuwa mtu wa kunywa kidogo. Mtaa wote wa Kadutu ulimjua. Alikuwa akianza na chupa moja ya kupooza koo, anamalizia mtaroni, na binti yake Merveille ndiye aliyetumwa kumwokota. Mtoto yule akajizoeza jambo moja: baba akifika mlangoni, anamnusa pumzi kwanza. Pumzi ikiwa safi, anasema, jambo papa. Akisikia pombe, anaondoka kimya. Jamani, kimya kile kilimuuma Ezéchiel kuliko matusi ya mke wake Martine, na Martine alijua kutukana.

Aliacha siku alipouza sare ya shule ya Merveille akainywea. Asubuhi alimkuta mtoto ameketi uani na nguo ya nyumbani, wenzake wanapita kwenda shule. Akaenda parokiani, akalia mbele ya padri mpaka kamasi zikamtoka. Tangu hapo, akifunga karakana, hapiti barabara yenye baa. Anazunguka kwa njia ya mawe, ile inayovunja magoti, rozari mfukoni. Majirani wakamcheka: pombe na Mungu havikai nyumba moja, ngoja tuone nani atahama. Mungu hakuhama. Merveille akamaliza shule, akapata mchumba, Xavier, mwalimu kutoka Kalehe, kijana mtulivu.

Basi siku ya mahari ikafika. Kwao kuna desturi: bibi harusi anapiga magoti, hasemi neno, anampa baba kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Baba akinywa, amekubali. Asipokunywa amekataa, na wageni wanarudi kwao na ng'ombe wao. Ezéchiel alijipanga mapema. Alimwomba dada yake Christine, aliyeshika jiko siku hiyo, amtilie maji ya ndizi ambayo hayajachacha. Christine akaitikia vizuri kabisa, ndiyo kaka, usijali.

Akatia kasiksi. Alidhani anaokoa ndoa. Alisikia wapi ndoa imefungwa kwa kinywaji cha watoto?

Uani hapakuwa na nafasi hata ya kutema mate. Merveille akapiga magoti, kichwa chini, akanyoosha kibuyu kilichozibwa kwa jani la mgomba. Ezéchiel akazibua. Harufu ikampanda puani, ikashuka mpaka tumboni, na mate yakamjaa mdomoni. Akamtazama Christine. Dada mtu akageuza uso.

Tusimfichie, aliogopa kama mtoto. Ile kiu ya zamani ikamsalimu kwa adabu zote, ikamwambia, funda moja tu, mzee, tena si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya binti. Nani atajua? Wageni wanangoja unywe, na Martine anadhani ni maji ya ndizi. Ukikataa, umemwaibisha mtoto. Ukinywa, watu wote wanapiga vigelegele. Kibuyu kikapanda mpaka kidevuni. Povu likamgusa mdomo.

Nyamuzinda, akamwomba Mungu moyoni kwa lugha ya mama yake, nishike, maana mimi peke yangu naanguka sasa hivi.

Akakishusha.

"Hii ni kasiksi," akasema. "Ndoa naikubali na moyo wote. Lakini mimi niko mulevi. Nikimeza hii, kesho hamutanikuta mutu."

Papa Hugues, msemaji wa upande wa Xavier, akasimama na fimbo yake. Akasema ameona harusi nyingi, lakini hajaona baba anayemtemea binti yake mate mbele ya watu. Kama kibuyu kimekataliwa, basi kimekataliwa, ng'ombe wafunguliwe. Wenzake wakaanza kuinuka. Martine akashika kichwa. Ezéchiel akabaki na kibuyu mikononi, na msidhani kiu ilikuwa imeondoka. Ilikuwa inamwambia, bado hujachelewa.

Ndipo mikono miwili ikamnyang'anya kibuyu. Merveille, ambaye siku ile hakuruhusiwa kusema, akakiweka mbali naye, magoti bado chini.

"Papa aliacha kunywa hii juu yangu," akawaambia wageni. "Kama ndoa yangu inaomba airudilie, murudishe ng'ombe yenu. Mimi nitabaki na papa."

Xavier akamwinamia baba yake, mzee Benoît, akamnong'oneza. Benoît akakuna kidevu, akamwambia Hugues aketi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja chakula, kama katika nyumba hii hakuna kitu kingine cha kunywa.

Christine mwenyewe akaleta maji ya ndizi, macho chini. Ezéchiel akanywa, nusu yakamwagikia shati. Vigelegele vikapanda. Merveille akainuka amkumbatie baba yake, na kabla ya kumkumbatia akasita kidogo, akamnusa pumzi.

Ndizi tupu.

"Jambo, papa," akasema.